Kizibo cha Gunzi

Mjukuu wangu anasomea usafiri wa mijini chuo kikuu. Sikujua hata hilo ni somo. Mwezi uliopita alinijia hapa mtaani Dallas, mjini Embu, na fomu ya kurasa sita, akaniwekea mezani juu ya njegere nilizokuwa nikimenya.

"Cucu," akaniambia, "wewe umetembea sana. Nijazie hii. Unalinganisha usafiri wa umma wa miji mikubwa uliyowahi kufika. Unachora duara tu, moja hadi tano."

Nilisahihisha mitihani ya watoto wa watu mpaka macho yakafa, na sasa uzeeni nimegeuzwa mtahiniwa! Nikavaa miwani. Ulisubiri dakika ngapi? Chombo kiliondoka kwa wakati? Wafanyakazi walikuwa na adabu? Ilikuwa rahisi kubeba mzigo? Swali hilo la mzigo ndilo lililonichoma, lakini nitafika huko.

Nilianza na London, kwa sababu mama yake huyu msichana alikuwa muuguzi huko na nilikaa kwake miezi miwili. Siku moja tulikuwa kituoni chini ya ardhi, sauti ikatoka ukutani ikiomba radhi: treni imechelewa dakika nne. Dakika nne! Watu wakaguna, wakatazama saa, bwana mmoja mwenye mwavuli akatikisa kichwa kana kwamba ameletewa habari ya msiba. Nilitamani kumshika shati nimwambie, wewe bwana, kaa chini nikuhadithie.

Mumbai nilienda kutengenezwa goti. Treni zao zinajaa mpaka watu wananing'inia milangoni, lakini mama mmoja nisiyemjua alinivuta mkono ndani ya behewa la wanawake, akamwinua binti yake, akanikalisha. Dar es Salaam nilienda na kina mama wa kanisa, nikapanda yale mabasi marefu yenye barabara yao peke yao. Nikachora maduara. Nne. Tatu. Nne tena. Mjukuu akawa ananyanyua shingo kutazama ninavyojaza, na hilo nalo linanikera, mtu kunichungulia begani.

"Na ule mbaya kuliko yote?" akauliza.

"Meru kuja Embu. Wakati wa Emajensi."

"Lakini Cucu, huo si mji."

"Basi ufanye uwe mji. Kwani fomu ni yako au ya serikali?"

Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania.

Kwanza niwaambie kilichonipata huko London, ndipo mtaelewa. Kituoni kuna vilango ambavyo unagusisha kadi vikafunguka. Siku moja kadi yangu ilikataa. Taa nyekundu, mlio, na kilango kikanibana tumboni. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimeinua mikono yote miwili juu ya kichwa, kiondo kikaanguka, machungwa yakaviringika mpaka miguuni mwa watu. Binti yangu akanong'ona, "Mama, shusha mikono. Ni mashine tu." Nilikuwa mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimejisalimisha mbele ya mashine. Mikono yangu ilijifunza hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye kizuizi cha mto Thuci.

Mama yangu alikuwa Mwembu aliyeolewa Meru. Nasema aliolewa, lakini ukweli ni kwamba alitoroka. Alimfuata baba yangu kwa miguu mpaka milima ya kwetu bila kumuaga mamake, na mamake alikuwa mwanamke wa kisirani. Mwaka ukapita, kumi ikapita, watoto tukazaliwa, na nyanya yetu hakukanyaga kwetu wala hakutuma hata salamu. Kwetu, mtoto wa kike haanzi maisha yake ya ndoa kabla mamake hajapiga funda la uji na kumpulizia kifuani huku akimtakia mema. Mama hakupuliziwa. Akizaa mtoto akafa, alisema ni hilo. Ng'ombe akitupa mimba, ni hilo. Hata mvua ikikosea msimu, mama alikuwa akijishika kifua na kunyamaza.

Mimi nilipewa jina la huyo nyanya, kama desturi inavyotaka, kwa hivyo mama hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Mama. "Mama, leta kuni. Mama, acha kumpiga mwenzako." Nilizoea.

Basi habari ikaja, imeletwa na mwalimu wa kanisa: nyanya ni mgonjwa, haamki, na amesema mwenyewe kwa kinywa chake, "Aje. Aje na uji aliopika kwa mkono wake." Mama alikaa chini kwenye vumbi akalia mpaka baba akaingiwa na hofu. Halafu akainuka, akaanza kusaga wimbi na mahindi.

Uji ulikuwa rahisi. Ruhusa ndiyo ilitutoa roho. Wakati huo wa Emajensi, serikali ya Mwingereza ikiwasaka Mau Mau, sisi Wameru, Waembu na Wakikuyu hatukutoka wilaya moja kwenda nyingine bila pasi. Unaanza kwa chifu, chifu anakuandikia barua. Barua unapeleka ofisini Meru, unakaa nje kwenye majani. Karani anakuita, anakuuliza huyo mgonjwa ni nani, ana ugonjwa gani, amekula kiapo cha Mau Mau? Mama akasema mgonjwa ni mzee hata kinywa hakifunguki. Karani akasema, "Sasa uji atanywa na nini?" Hodari huyo! Tulikwenda ofisini huko siku nne. Siku ya nne akagonga muhuri: mama mmoja, mtoto mmoja, kuona mgonjwa, siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, kwenda na kurudi.

Jumatatu tulifika stendi alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mvua ikinyesha barabara ilifungwa. Waliweka mti katikati ya njia na mnyororo juu yake, mpaka udongo ukauke. Basi lilikuwa pale, dereva yupo, abiria tupo, mgonjwa wetu yuko kule, na sote tunautazama mti. Jumanne vilevile. Hakuna sauti iliyotoka ukutani kutuomba radhi, jamani. Tanboi, yaani utingo, alikuwa akilala juu ya paa la basi, ukimuuliza tutaondoka saa ngapi anajibu, "Uliza mawingu."

Pasi nayo ilikuwa ikila siku zake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Uji ulikuwa kwenye kibuyu kikubwa, na kizibo chake kilikuwa gunzi la mahindi lililokaa kwa ulegevu. Nilikishika mapajani. Jumanne mchana nikasinzia, kibuyu kikainama, uji ukanimwagikia kwenye gauni la shule, gauni langu la pekee. Mama alikuwa amechoka na mti ule, amechoka na karani, amechoka na dunia, na hasira yote akanishushia mimi mbele ya stendi nzima. "Hata kibuyu kinakushinda? Mtu mzima na jina la mama yangu! Ukimwaga tena utakunywa matope!"

Watu walicheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Jioni, tulipokuwa tumehifadhiwa kwa mama mmoja wa kanisa, mama akaongeza unga na maji moto kidogo ili uji usipungue, kisha akaenda kuomba chumvi. Nikakichukua kibuyu. Nikatafuta gunzi nene, nikalivika jani la mgomba, nikalisukuma mdomoni mwa kibuyu, halafu nikaligonga na jiwe. Mara tatu. Nikasema moyoni, haya, mwagika sasa nikuone.

Kila mtu aliyezaliwa kwetu anajua kwamba kibuyu cha uji mchachu hakikazwi. Mtoto wa miaka mitano anajua. Uji ukiongezwa unga unaamka, unahema, unataka njia. Nilijua. Lakini hasira ilinijaa kuliko huo uji.

Jumatano mti ukaondolewa. Tuliondoka, na hiyo safari siwezi kuichorea duara. Barabara ya Meru hadi Embu inashuka kila mto na kupanda kila mlima, na mito ni mingi kama vidole. Kila mteremko wanawake tulishuka tutembee, kila mpando wanaume walishuka wasukume. Bwana mmoja wa Ruiri, mchuuzi wa ngozi, alikuwa amevaa suti ya kwenda kortini. Tulipovuka mto Nithi suti ilikuwa kahawia mpaka kwapani. "Nimelipa nauli ili nibebe basi," alisema. Tukacheka, hata mama. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka safari hiyo. Na kibuyu kilikuwa miguuni pangu, kinatikiswa tangu asubuhi, kimetulia kimya, na mimi nilijisifu kwamba hakijadondosha hata tone.

Jua lilikuwa kali tulipofika Thuci, mpakani. Kizuizi. Kila mtu chini, wanaume huku, wanawake kule, mikono kichwani, mizigo mbele ya miguu. Askari walikuwa wanane hivi na afande wao, kijana wa kizungu mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Alikuja polepole akitazama pasi moja moja. Akafika kwetu. Akainama kutazama kiondo tulichowekea kibuyu.

Kibuyu kikalia paa!

Haki ya Mungu sijasikia mlio kama ule tena. Gunzi lilipita kando ya sikio la afande, na uji ukalifuata, ukampaka kuanzia kaptula mpaka kofia. Askari wote wakalala chini. Abiria wote wakalala chini. Mwenye suti alikuwa wa kwanza. Bunduki zikakokiwa, kimya kikashika, na katika kimya hicho mama yangu peke yake alikuwa amesimama, mikono kichwani, akitazama uji wake ukichuruzika barabarani.

Yule bwana wa Ruiri akasema kutoka kwenye matope, "Mama, hicho kibuyu kina leseni?"

Hakuna aliyecheka. Afande aliinuka mwekundu kama pilipili. Walikuwa wameambiwa kwamba watu hubeba risasi ndani ya vibuyu, kwa hivyo akaamuru chetu kimwagwe chote, askari wachokore uji kwa kijiti kutafuta risasi. Mama akapiga magoti. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Afande, hii ya mgonjwa. Hii ya mama yangu. Acha kidogo." Afande hakugeuka. Askari aliyekuwa akimwaga alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Alimwaga, akamwaga, halafu akakiinua kibuyu ghafla na kusema, "Tupu, afande." Akamrudishia mama. Kilibaki kama kikombe kimoja.

Basi likaruhusiwa kwenda. Sisi hatukuruhusiwa. Tuliwekwa kwenye kibanda mpaka asubuhi ili iandikwe ripoti ya uji. Ripoti ya uji! Asubuhi wakatuachilia na pasi iliyokufa jana yake.

Tulitembea kutwa nzima kwa njia za mashambani, tukikwepa barabara. Mama hakuniuliza kitu. Nilingoja aniulize ni nani aliyekaza kile kizibo, nikawa na jibu la uongo tayari: ni yule mama wa kanisa. Hakuuliza. Alitembea mbele akikibeba kibuyu kwa mikono miwili, kizibo chake kipya kikiwa jani tu lililokunjwa.

Kijiji cha nyanya kilikuwa kimoja cha vile vijiji vya Emajensi, watu wamesongwa pamoja, na kuzunguka wote handaki refu lenye vijiti vilivyochongwa. Mlango mmoja, na mlangoni homugadi, mgambo wa serikali, mwenye mkuki. Mama alimjua. Alimjua tangu hawezi kufuta kamasi. Yule kijana akasoma pasi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Imekufa jana."

"Najua. Mama yangu yuko pale. Nyumba ile pale, naona moshi."

"Dada, nikikuingiza nitafungwa mimi."

Waliongea sana. Mama alibembeleza, akatukana, akabembeleza tena. Mwisho yule kijana akasema, akiangalia miguu yake, kwamba mtu hana ruhusa kuingia, lakini kuhusu kibuyu hakuna amri iliyoandikwa.

Kibuyu kikaingia peke yake.

Wanawake wa ndani walimbeba nyanya kwa blanketi mpaka ukingoni mwa handaki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu niliyeitwa kwa jina lake. Alikuwa mdogo kama mtoto. Alimtazama mama ng'ambo ya handaki, muda mrefu, asiseme lolote kuhusu miaka yote ile. Mama alifungua vifungo vya gauni lake, akatoa kifua wazi mbele ya homugadi na kila mtu, akasimama pale ukingoni kabisa, vidole vya miguu vikining'inia juu ya vile vijiti. Nyanya akanyweshwa. Akasema, "Nimekuachilia. Zaa, ule, ulale usingizi." Akapuliza.

Upepo ulikuwa unavuma. Nami nilikuwa nimekodoa macho. Sikuona hata tone likivuka.

"Imenifika!" mama akapiga kelele. "Mama, imenifika!"

Nyanya akatabasamu, wakamrudisha ndani. Alifariki kabla ya wiki kuisha. Mama alikamatwa njiani kurudi kwa kosa la pasi, akatiwa kwenye kazi ya kutengeneza barabara, barabara ile ile, akibeba kokoto kichwani kuziba mashimo yaliyotuchelewesha. Na kila akiulizwa na shangazi zangu, alijibu vilevile: ilinifika.

Nilimsimulia mjukuu hayo yote, njegere zikikauka. Akachukua kalamu. "Kwa hivyo Cucu, kwenye sababu ya kuchelewa niandike nini? Hali ya hewa? Usalama?"

"Andika mimi," nikamwambia.

Hakuandika. Akaniuliza kama niliwahi kumwambia mamangu. Na hilo ndilo sikulijibu siku ile, nikasingizia goti, nikaenda kulala.

Sikumwambia, kamwe. Nilikuwa nikijiandaa kumwambia kila Krismasi, kila mazishi. Kisha mama akazeeka, akalala kitandani kule kwetu Meru, na asubuhi moja akanipigia simu. Sauti ilikuwa nyembamba lakini maneno yalikuwa yamenyooka.

"Mama," akaniambia, maana mpaka mwisho aliniita hivyo, "nipikie uji uje nao. Na safari hii usikaze."

Nilishikilia ile simu mpaka mkono ukafa ganzi. Zaidi ya miaka hamsini alijua.

Nilikodi gari. Lami tupu, hakuna mti barabarani, hakuna mnyororo, Thuci tuliivuka nikiwa bado natafuta kitambaa. Saa mbili tu, Embu hadi Meru. Kibuyu nilikipakata, gunzi limekaa kwa ulegevu, na kila kona uji ukamwagika kwenye viti vya yule dereva, naye akanung'unika njia nzima kwamba mama, si ungefunga hiyo kitu vizuri? Nikamwambia anyamaze aendeshe gari. Nilikuwa nalia na nina hasira, yote mawili.

Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito. Alitazama gauni langu lililolowa uji, akacheka kidogo. Nikapiga magoti nimnyweshe, nikifungua kifungo changu cha juu, nikidhani nimeitwa nipuliziwe. Akausukuma mkono wangu.

"Sivyo," akasema. "Ile haikunifika. Nilimwambia hivyo ili alale. Wewe una jina lake. Kunywa wewe."

Akaanza kuhangaika na vifungo vyake kwa vidole visivyoweza. Nikamsaidia kuvifungua. Nikapiga funda, uji ulikuwa mchachu vizuri, nikasema maneno yale jinsi nilivyoyasikia nikiwa na miaka kumi na miwili, nikampulizia mama yangu kifuani. Nilikuwa nimemkaribia mpaka nywele zetu ziligusana. Uji ulimlowesha wote, ukatiririka mpaka kwenye shuka.